Tathmini ya FreshRSS: thamani yake utaiona siku mlisho umekatika

Kila kisoma milisho, yaani programu inayokusanya makala mpya kutoka kwenye mafaili ya RSS (milisho) ya tovuti unazozifuata, hupendeza siku ya kwanza. Unaingiza anwani tano, vichwa vya habari vinashuka, mambo yamekwisha. Kazi inaanza wiki ya tatu: gazeti moja limenyamaza bila maelezo, blogu nyingine inaleta makala zilezile mara mbili mbili, na simu inadai nenosiri si sahihi ilhali umeingia nalo kwenye kompyuta sasa hivi. Kwa hiyo FreshRSS hatuipimi hapa kwa rangi zake wala kwa wingi wa vitufe. Tunaipima kwa swali moja: kitu kikiharibika, inakuambia kimeharibikia wapi? Inakuambia, ila kwa sauti ya chini, na mara nyingi mahali ambapo huna mazoea ya kutazama.

Kwa asiyeijua, FreshRSS ni programu huria iliyo chini ya leseni ya AGPL 3. Imeandikwa kwa PHP, na ilianzishwa mwaka 2012 na Mfaransa Marien Fressinaud. Haikai kwenye simu. Inakaa kwenye seva, iwe ya kukodi, ya ofisini au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyofichwa nyuma ya televisheni, na hiyo seva ndiyo inayozunguka kwenye tovuti kuchota makala. Simu na kompyuta zako zinakuja kwake kuchukua zilizokwisha kuchotwa. Watengenezaji wanasema hata Raspberry Pi ya kizazi cha kwanza inamudu milisho 150 na makala 22,000, kurasa zikifunguka chini ya sekunde moja. Kwa hifadhidata unachagua SQLite, MySQL au MariaDB, au PostgreSQL. Kwa mtu mmoja SQLite inatosha, usijitafutie kazi.

Kwa msomaji anayeishi kwa bando, mpangilio huo una uzito kuliko unavyoonekana. Chukua milisho 80, kila faili KB 150, simu ikiichota yote kila saa: hiyo ni karibu MB 288 kwa siku, na sehemu kubwa ni makala ulizokwisha kuziona. Seva ikifanya mzunguko huo, simu inapakua makala mpya peke yake. Ni kweli kwamba tovuti iliyopangwa vizuri hujibu 304, yaani "hakuna kipya", bila kutuma faili zima. Tovuti zilizopangwa vizuri si nyingi hivyo.

Imewaka, lakini hakuna kinachoingia

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila mgeni, na kosa mara nyingi limo kwenye amri ya kusakinisha. Kwa wanaotumia Docker, mfumo unaoendesha programu ndani ya kifurushi kiitwacho kontena, amri kamili ni hii:

docker run -d --restart unless-stopped -p 8080:80 -e TZ=Africa/Dar_es_Salaam -e 'CRON_MIN=7,37' -v freshrss_data:/var/www/FreshRSS/data -v freshrss_extensions:/var/www/FreshRSS/extensions --name freshrss freshrss/freshrss

Tazama CRON_MIN. Hizo ni dakika za saa ambazo seva itaamka kuchota: dakika ya 7 na ya 37. Ukiiacha, kontena linawaka, ukurasa unafunguka, akaunti inakubali, ila hakuna makala inayoingia mpaka ubonyeze kitufe cha kusasisha kwa mkono. Programu haikuonyi kwamba haina ratiba. Hii ni kasoro ya wazi: ukurasa wa mipangilio ungeweza kuandika kwa herufi kubwa kwamba mara ya mwisho kujisasisha yenyewe ilikuwa lini. Na usichague dakika 0 na 30. Seva nyingi mno huamka dakika hizo hizo, na tovuti ndogo hulemewa.

Zile -v mbili, zinazohifadhi data nje ya kontena, nazo si pambo. Bila ya kwanza, siku utakapofuta kontena ili uweke toleo jipya, akaunti, milisho na makala hutaviona tena kwenye kontena linalofuata.

Kwa waliosakinisha moja kwa moja kwenye Linux, ratiba inawekwa kwenye faili la /etc/cron.d/freshrss:

7,37 * * * * www-data php -f /usr/share/FreshRSS/app/actualize_script.php > /tmp/FreshRSS.log 2>&1

Neno www-data katikati ya mstari, yaani jina la mtumiaji wa seva ya wavuti, ndilo roho yake. Ukiiendesha kazi hii kama root (msimamizi mkuu wa mashine), itachota vizuri mara ya kwanza na kuacha mafaili yanayomilikiwa na root ndani ya folda ya data. Kuanzia hapo seva ya wavuti haiwezi kuyaandika, na unaanza kuona makosa ya ruhusa ambayo hayahusiani na mlisho wowote. Dawa: ingia kwenye folda ya FreshRSS, endesha sudo cli/access-permissions.sh, kisha urekebishe jina la mtumiaji kwenye ratiba. Ukirekebisha ruhusa ukaacha ratiba ilivyo, tatizo litarudi kabla ya saa moja kuisha.

Kwenye hosti ya kuchangia yenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) kuna mtego mwingine. Tovuti yako inaweza kuwa inatumia PHP ya karibuni huku neno "php" ndani ya ratiba likiita toleo la zamani lisiloiweza FreshRSS. Andika njia nzima, kwa mfano /opt/cpanel/ea-php82/root/usr/bin/php, badala ya neno php tupu. Na kama hosti yako haitoi ratiba kabisa, FreshRSS inakubali kuamshwa kwa anwani ya wavuti yenye tokeni yako (ufunguo wa siri), ikimalizia na ?c=feed&a=actualize&maxFeeds=10&ajax=1&user=jina_lako&token=tokeni_yako. Namba 10 ni idadi ya milisho kwa kila mwamsho, na huanza na iliyokaa muda mrefu bila kuguswa. Mwenye milisho 80 akiiamsha mara moja kwa saa atamaliza mzunguko kwa saa nane, halafu ashangae kwa nini habari zinachelewa.

Kuna breki mbili zaidi ambazo watu huzigundua wakiwa wamekwisha kukasirika. Kila mlisho una muda wa chini wa kusubiri kati ya uchotaji mmoja na mwingine, na kawaida yake ni saa 1. Kuamsha seva kila dakika 10 hakubadilishi kitu mpaka upunguze muda huo kwenye mipangilio ya mlisho husika. Pia kuna akiba ya ndani ya sekunde 800, kama dakika 13, iliyoandikwa kwenye data/config.php kwa jina la cache_duration. Ndani ya muda huo, hata ukibonyeza kusasisha mara ishirini, inakurudishia nakala ileile. Wengi hurekebisha kosa kwenye tovuti yao, wanabonyeza, wanaona kosa bado lipo, wanarekebisha tena kitu ambacho kilikwisha kupona. Kwenye ukurasa wa mlisho kuna kitufe cha kufuta akiba. Kianze hicho.

Kusoma makosa

Mlisho uliokwama hupata alama ya tahadhari kwenye orodha ya kushoto. Ukiwa na milisho 12 utaiona. Ukiwa na 200 ndani ya makundi yaliyofungwa, hutaiona. Hakuna barua pepe inayokuja kukuambia. Lakini ndani ya ukurasa wa takwimu mna orodha ya milisho iliyolala, iliyopangwa kwa muda ambao haijaleta kitu: wiki, mwezi, mwaka. Hicho ndicho chombo bora kuliko vyote kwenye programu hii na kimezikwa mahali ambapo mtu huenda kutazama grafu. Kipitie mara moja kwa mwezi. Mlisho unaweza kufa bila kosa lolote: tovuti imehamia anwani mpya, ya zamani inaendelea kutoa faili lilelile la mwaka juzi, na kwa seva kila kitu ni salama.

Maelezo yenyewe ya kosa yako kwenye ukurasa wa kumbukumbu, au moja kwa moja kwenye faili data/users/jina_lako/log.txt. Ni ya Kiingereza na ni makavu, lakini ni ya kweli, na hapa FreshRSS inawashinda wenzake wengi. Haisemi tu kwamba imeshindwa; inakupa namba.

Kabla ya kuzisoma namba hizo, shika kanuni moja: jaribu kutoka pale seva ilipo. Kwamba mlisho unafunguka kwenye kivinjari cha simu yako hakuthibitishi kitu, kwa sababu simu ina anwani nyingine ya mtandao, vidakuzi vyake, na huruma ya kivinjari. Ingia kwenye seva uandike:

curl -sL -D - -o mlisho.xml https://gazeti.example/feed/

Amri hii inachapisha majibu ya tovuti kwenye skrini na kuhifadhi mwili wa mlisho kwenye faili. Sasa una vitu viwili vya kuchunguza, na karibu kila tatizo limo kwenye kimojawapo.

Ukiona kosa la cURL (chombo cha kuchotea kurasa) namba 6, jina la tovuti halijapatikana: ama umekosea herufi, ama DNS ya seva, inayogeuza majina kuwa anwani, imekufa. Kama milisho yote imepata 6 kwa wakati mmoja, usiguse mlisho wowote. Namba 28 ni muda kuisha. Sababu ya kawaida ni tovuti nzito, na unaweza kuuongezea mlisho huo mmoja sekunde kwenye mipangilio yake. Lakini zikiwa tovuti nyingi zisizohusiana, shuku IPv6, mtindo mpya wa anwani za mtandao: seva imepewa anwani ya IPv6 isiyokwenda popote, na inaweza kukwama hapo mpaka muda uishe. Linganisha curl -4 na curl -6 kwenye anwani ileile. Kama -4 inajibu papo hapo na -6 inaganda, weka mstari huu ndani ya curl_options kwenye data/config.php:

CURLOPT_IPRESOLVE => CURL_IPRESOLVE_V4,

Namba 60 ni cheti cha usalama, nayo huzua ubishi kwa sababu mwenye tovuti atakuapia kwamba kufuli linaonekana kwenye kivinjari chake. Wote wawili mnasema kweli. Tovuti yake imesahau kutuma cheti cha kati. Vivinjari vingi hukijaza vyenyewe kutoka kwenye akiba au kukitafuta mtandaoni, curl haifanyi hivyo. Mwenye tovuti anapaswa kuweka mnyororo mzima wa vyeti. FreshRSS inakuruhusu kuzima ukaguzi wa cheti kwa mlisho mmoja, na kwa blogu ya mapishi hakuna atakayekufa. Usiuzime kwa seva nzima.

Tukija kwenye namba za tovuti zenyewe. 404 ni anwani iliyohama. Kwa WordPress jaribu /feed/ mwishoni mwa anwani, kwa Blogger /feeds/posts/default. Hizo mbili zinafungua sehemu kubwa ya blogu za Kiswahili, tangu zama za blogspot hadi leo. Kwa YouTube ni https://www.youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id= ikifuatiwa na kitambulisho cha chaneli kinachoanza na UC, wala si jina lenye alama ya @.

403 ni kukataliwa mlangoni. Huduma za ulinzi wa tovuti huona ombi limetoka kwenye kituo cha data, halina tabia za kivinjari, zinalifungia. Unaweza kubadilisha utambulisho wa programu kwa mlisho mmoja kwenye mipangilio yake, na wakati mwingine hilo linatosha. Kama tovuti inadai JavaScript iendeshwe kwanza ndipo ifungue, FreshRSS haitaweza. Haina kivinjari ndani yake. Hapo dawa pekee ya uungwana ni kumwandikia mwenye tovuti aruhusu anwani ya mlisho ipite bila ukaguzi. Mlisho umetengenezwa usomwe na mashine, na wengi hufungia bila kujua.

429 ni kuambiwa unagonga mlango mara nyingi mno. Matoleo ya karibuni ya FreshRSS yanaheshimu muda wa kusubiri ambao tovuti inautaja. Chanzo chake kwa kawaida si mlisho wenyewe, ni ile hiari ya kuchota makala kamili kwa kichagua cha CSS (alama inayotaja sehemu ya ukurasa). Mlisho wenye makala 10 mpya unageuka kuwa maombi 11 kwa mkupuo, na ukifuata vitengo sita vya gazeti moja kwa mtindo huo, yanakuwa 66. Ongeza muda wa kusubiri wa milisho hiyo uwe saa 3 au 4.

Kosa linalochekesha ni 200, maana yake "sawa kabisa", likiandamana na maelezo kwamba hakuna mlisho uliopatikana na kwamba kilichokuja ni text/html. Yaani tovuti imekupa ukurasa wa kawaida. Fungua lile faili la mlisho.xml utazame herufi za mwanzo: head -c 300 mlisho.xml. Ukiona <!DOCTYPE html>, umepewa ukurasa wa kuingia, wa kukubali vidakuzi, au wa "tovuti iko kwenye matengenezo". Ukiona <?xml au <rss, mlisho ni wa kweli ila seva yake imeutaja vibaya. Hapo ongeza #force_feed mwishoni mwa anwani ndani ya FreshRSS, nayo italazimika kuusoma kama mlisho.

XML haisamehe

Kivinjari kikikuta ukurasa wenye kasoro hukisia, kinaendelea. Milisho huandikwa kwa XML, na kisoma XML kinasimama kwenye kosa la kwanza. FreshRSS huandika mstari na safu ya kosa, na hilo ni jambo la kushukuru: fungua faili, nenda kwenye mstari huo. Au thibitisha kwa xmllint --noout mlisho.xml.

Utakachokikuta ni kimoja kati ya vichache. Alama ya & iliyoachwa wazi, kama kichwa cha habari "Mama & Mtoto", inayotakiwa kuandikwa &amp;. Neno &nbsp; ambalo HTML inalijua lakini XML hailijui. Herufi isiyoonekana iliyokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word au PDF. Na ile inayotesa tovuti za WordPress zaidi ya zote: mstari mtupu kabla ya <?xml. Tangazo la XML lazima lianzie kwenye herufi ya kwanza kabisa ya faili. Mtu aliyehariri functions.php ya mandhari yake akaacha nafasi moja nje ya alama za PHP ameuvunja mlisho wake wote, na kwenye tovuti yenyewe hakuna kitakachoonekana. Zima programu-jalizi moja moja, badili mandhari kwa muda, mpaka mstari ule upotee. Tumia pia kikaguzi cha bure cha W3C kwenye validator.w3.org/feed, kikikataa, unalo la kumwonyesha mwenye tovuti.

Makala zinazojirudia na tarehe za ajabu

Kila makala kwenye mlisho hubeba kitambulisho: guid kwenye RSS, id kwenye Atom (aina nyingine ya mlisho). Kisoma milisho kinajua makala ni ileile kwa hicho, hakitazami kichwa cha habari. Tovuti ikihama kutoka http kwenda https na vitambulisho vikabadilika navyo, makala zote zilizomo kwenye mlisho zinarudi kama mpya. Hiyo hutokea mara moja na kuisha. Ziweke alama ya kusomwa, endelea. Inapotokea kila siku, tovuti inatengeneza kitambulisho kipya kila mlisho unapoitwa, au inabandika namba ya wakati kwenye kiungo. Matoleo mapya ya FreshRSS yana hiari ya kuchagua makala itambuliwe kwa kigezo gani, na kwa milisho ya namna hii chagua kiungo badala ya kitambulisho. Kama kiungo nacho kinabadilika, ufute mlisho huo. Hauna dawa upande wako.

Tarehe zina kisa chake kinachotuhusu sana sisi wa Kiswahili. Kanuni ya RSS inataka tarehe kwa mtindo huu: Wed, 12 Mar 2025 08:00:00 +0300. Majina ya siku na miezi ni ya Kiingereza, kwa kanuni. WordPress hulijua hilo hata ukiiweka kwa Kiswahili. Tovuti zilizoandikwa na fundi kwa mkono mara nyingi hazilijui: zinaandika "Jumatano, 12 Machi 2025", PHP haielewi Jumatano, na makala inapewa saa iliyochotwa. Dalili yake ni makala zote za tovuti moja kuonekana zimechapishwa dakika moja.

Dalili nyingine ni makala iliyochapishwa "saa tatu zijazo". Fundi ameandika saa za Afrika Mashariki akazibandika GMT mwishoni. Kwa kuwa FreshRSS kwa kawaida hupanga makala kwa wakati zilipopokelewa, kosa hili halisumbui sana kwenye kompyuta. Programu ya simu inayopanga kwa tarehe ya kuchapishwa, hata hivyo, itaziweka juu kabisa kila siku.

Na kama makala zinakosekana katikati, hesabu kina cha mlisho. WordPress hutoa makala 10, YouTube video 15, Blogger 25 isipokuwa uongeze ?max-results=100. Gazeti linalochapisha habari 40 kwa siku kupitia mlisho wa makala 10 linahitaji kuchotwa angalau kila saa 2 au 3. Seva ikilala usiku kucha kwa sababu umeme ulikatika, zilizopita zimepita.

Simu inakataa nenosiri

Google Reader, kisoma milisho cha Google, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, lakini lugha yake ya kuzungumza na programu nyingine (API) haikufa, na FreshRSS inaizungumza vizuri. Hivyo unaweza kusoma kupitia Read You, Capy Reader au FeedMe kwenye Android, NetNewsWire au Reeder kwenye iPhone. Tatizo ni kwamba kuunganisha kunahitaji hatua tatu na karibu kila mtu hufanya moja.

Kwanza, msimamizi aruhusu API kwenye ukurasa wa uthibitishaji. Pili, uende kwenye wasifu wako uweke nenosiri la API. Hili ni tofauti na lile la kuingilia, na ndilo linalotakiwa kwenye simu. Tatu, anwani unayoiandika kwenye simu iishie na /api/greader.php, si ukurasa wa mwanzo.

Ikikataa bado, fungua anwani yako ukiongeza /api/ kwenye kivinjari. Ukurasa huo hujipima wenyewe na kuandika kama seva imefaulu, jambo ambalo programu chache hulifanya. Ikifaulu, jaribu kuingia kwa curl:

curl 'https://soma.example/api/greader.php/accounts/ClientLogin?Email=asha&Passwd=nenosiri_la_api'

Likirudi jibu lenye SID= na Auth=, nenosiri ni zima. Ikiwa hapa panapita na simu bado inakataliwa, mshukiwa ni Apache (programu ya seva ya wavuti) inayoendesha PHP kwa njia ya FastCGI: inakula kichwa cha Authorization kabla hakijafika kwenye PHP. Ongeza CGIPassAuth On kwenye mpangilio wa folda ya p/api, na kwa kuwa viungo vingine hubeba %2F, ongeza AllowEncodedSlashes On kwenye mpangilio wa tovuti. Kwa Nginx, programu nyingine ya seva ya wavuti, kagua kwamba fastcgi_split_path_info na PATH_INFO vimo. Njia nyingine ya kuunganisha simu, Fever, ipo pia kupitia /api/fever.php, lakini ni pungufu na hutaweza kuongeza mlisho ukiwa kwenye simu. Iache kwa programu zisizojua nyingine.

Simu ikiunganika lakini haijisawazishi mpaka uifungue, usiilaumu seva. Android yenyewe hairuhusu kazi ya kujirudia chini ya dakika 15, na simu za Tecno, Infinix na Xiaomi zina wasimamizi wa betri wanaozima programu za nyuma bila kuuliza. Toa programu yako kwenye vizuizi vya betri, kisha uiondoe pia kwenye orodha ya zinazosafishwa na kisafishaji cha simu. Ni sehemu mbili tofauti. Na simu yenye Android iliyo chini ya 7.1.1 haina cheti mzizi cha Let's Encrypt (mtoaji wa bure wa vyeti vya usalama), ISRG Root X1. Ule msaada wa cheti cha kuazima ulikwisha tarehe 30 Septemba 2024. Kwenye simu hiyo dawa ilikuwa kusoma kwa Firefox, inayobeba vyeti vyake yenyewe, lakini matoleo ya karibuni ya Firefox hayazikubali tena Android hizo.

Tovuti isiyo na mlisho

Hapa ndipo FreshRSS inapojilipa. Tovuti nyingi za taasisi hutoa matangazo bila mlisho wowote. Chagua aina ya chanzo iwe HTML na XPath (lugha ya kutaja sehemu za ukurasa), kisha uueleze ukurasa: kila tangazo ni //article, kichwa ni descendant::h2, kiungo ni descendant::h2/a/@href, tarehe ni descendant::time/@datetime. Kama tarehe imeandikwa "12 Machi 2025", achana nayo. Itoe kwenye kiungo ikiwa kina mwaka na mwezi ndani yake:

translate(substring(substring-after(descendant::h2/a/@href, '.example/'), 1, 10), '/', '-')

Kiungo cha https://taasisi.example/2025/03/12/nafasi-za-kazi kinageuka kuwa 2025-03-12, na PHP inakielewa. Ukurasa ukibadilishwa sura, kanuni hii inavunjika siku hiyohiyo. Weka milisho ya aina hii kwenye kundi lake ili ujue pa kuanzia. Fomu ya kuijaza ni ndefu na humchanganya mtu asiyewahi kuona XPath, na hapo programu ingeweza kusaidia zaidi.

Ikilinganishwa na wenzake

Miniflux, kisoma milisho kingine cha kuweka kwenye seva, ni nyepesi zaidi na kurasa zake ni safi, ila inadai PostgreSQL, na ina tabia moja ya kujihadhari nayo: kwa kawaida yake, mlisho ukikosea mara 3 mfululizo huacha kuchotwa mpaka uuamshe kwa mkono. Kwa tovuti zetu zinazozimika wikiendi nzima hiyo ni hatari; weka POLLING_PARSING_ERROR_LIMIT iwe 0. FreshRSS haikati tamaa namna hiyo. Asiyetaka seva kabisa, mwenye milisho 20 au 30 na simu moja, atafaidika zaidi na Feeder ya Android, ambayo ni huria, inachota yenyewe, na inaweza kuamriwa isubiri Wi-Fi. Haina kumbukumbu za makosa za kufaa kusemwa, lakini kwa ukubwa huo hazihitajiki.

Mwenye FreshRSS, kabla ya kila toleo jipya, aendeshe cli/db-backup.php na asitegemee faili la OPML peke yake. OPML ni orodha ya milisho tu: hubeba anwani, makundi na baadhi ya mipangilio, si makala. Makala ulizozitunza kwa nyota hazimo. Kwa Docker:

docker exec --user www-data freshrss cli/db-backup.php

Nakala inabaki ndani ya folda ya kila mtumiaji kwa jina la backup.sqlite. Ihamishie mashine nyingine ndipo uguse toleo jipya, na uzime viendelezi vya watu wengine kwanza, kwani ndivyo vinavyoangusha ukurasa wote baada ya kusasisha. Ukurasa ukija mweupe, ziondoe folda zao kutoka kwenye extensions, fungua tena, kisha virudishe kimoja kimoja.